Kifaa Kilichoombewa Usingizi

Quincy alikuwa juu ya ngazi kwenye nguzo ya lango, bisibisi mdomoni, akitoa betri aliyokuwa ameiweka wiki hiyohiyo. Chini, Kaloki wa bustani ameishika ngazi kwa mkono mmoja. Kwa ule mwingine anakula ndizi. Nanyama alitoka jikoni na beseni la shuka, akasimama kando ya kamba za kuanikia, akawatazama. Jua lilikuwa bado halijavuka paa, kwa hiyo shuka zingengoja.

"Imekufa tena?" Kaloki akauliza.

"Haijakufa. Imechoka."

"Kama imechoka si tuiletee chai."

Quincy hakucheka. Alikuwa kijana wa shati jeupe na viatu visivyojua matope, na alikuwa amesoma mpaka akafika mahali ambapo mzaha wa mtu wa bustani haufiki.

Kilichochoka kilikuwa kikompyuta, bodi ya ukubwa wa biskuti ndani ya kisanduku cha plastiki, chenye jicho moja la kutazama barabara. Kazi yake ilikuwa kuona gari la madam na kufungua lango, na akija mtu mwingine, kumpiga picha na kuipeleka kwenye simu ya madam popote alipo. Kabla yake kazi hiyo ilifanywa na Sammy, soja, ambaye aliyajua magari yote ya barabara ile kwa mlio na watu wote kwa jina. Lakini Sammy alikuwa akinywa chai, na akienda haja, na siku moja alifiwa na mamake. Madam Mbaluka akachoka. Sammy akahamia lango la jirani, na pale nguzoni kikapandishwa kitu kisicho na mama.

Kingeweza kuunganishwa na stima ya nyumba, lakini hapo ingebidi mtaro uchimbwe katikati ya nyasi, na madam alizipenda nyasi zake kuliko alivyowapenda watu wengi. Zilinyweshwa kila siku, hata majuma yale ambayo kule Waithaka, anakokaa Nanyama, mifereji ilikuwa inatoa upepo. Kwa hiyo kifaa kikawekewa betri, na betri ikawa haidumu.

"Shida ni hivi, aunty," Quincy alimwambia Nanyama, ingawa hakuwa ameulizwa. "Hii kitu haifai kuwa macho. Kazi yake ni kulala. Inalala, mtu akikuja inaamka kidogo, inaangalia, inarudi kulala. Ikilala haikuli betri. Sasa hii imekataa kulala. Jani ikianguka, imeamka. Paka akipita, imeamka. Wale ndege wa kelele wakipita juu, imeamka. Siku nzima macho tu."

"Kama mtoto wa kwanza," Nanyama akasema.

"Nini?"

"Nasema pole."

Quincy alipokwenda garini kutafuta betri nyingine, Nanyama aliweka beseni chini. Alikuwa mjane wa fundi wa mawe aliyeitwa Were, na tangu amzike huyo Were alikuwa amezoea kuombea kila kitu kilicholemewa. Aliombea mashine ya kufulia. Aliombea presha ya madam. Aliombea mbwa wa jirani hata baada ya kung'atwa naye. Alipanda ngazi hatua chache, akaweka kiganja juu ya kisanduku, akaomba kama wanavyoomba kanisani kwao, ambako mtu humtolea Mungu kwa ukarimu mkubwa kwa kuwa hakuna anayetarajia kudaiwa. Husema, "Bwana, nipunguzie mimi umwongezee ndugu yangu," kisha kila mmoja anarudi nyumbani na chake chote. Ni namna ya kusema.

"Bwana, mpe kiumbe huyu usingizi," Nanyama akaomba. "Na ukiona haumtoshi, mpe hata wangu."

Akashuka, akaanika shuka.

Tangu hapo kifaa kililala fofofo. Majani yalianguka, paka wakapita, ndege wakapiga kelele mpaka wakachoka, nacho kimelala kama pono. Lango lilifunguka kwa gari la madam bila kukosea, kisha kifaa kikarudi palepale kilipoachia. Betri haikushuka. Madam akamsifu Quincy, Quincy akakubali kusifiwa.

Nanyama hakupata tena hata lepe la usingizi. Alikuwa akijilaza, akifumba macho, na ndani hamna kitu, kama mtu anayeshusha kata kwenye mtungi mkavu: inaingia, inagonga chini, inatoka. Hakuugua wala hakuweweseka. Uchovu ulimjaa tu na ukakosa pa kwenda, ukatulia mwilini kama maji ya mvua kwenye uwanja usio na mtaro. Asubuhi alitembea kutoka Waithaka hadi kwa madam, Lavington, kama kawaida, akafagia, akapika, akapiga pasi. Madam aliona tu kwamba kola zimenyooka kuliko zamani.

Kaloki ndiye aliyeona jambo la pili. Nanyama alikuwa anaanika, kibanio kimoja mdomoni na kingine mkononi, lori la taka likasimama nje ya lango. Kifaa kikaamka kulitazama. Nanyama akalala palepale, amesimama, shavu kwenye taulo lililolowa. Lori likaondoka, kifaa kikalala, Nanyama akafumbua macho na kubana taulo.

"Umelala wima kama punda," Kaloki akamwambia.

"Nimelala?"

"Na kukoroma."

Kaloki akatafakari, akaenda mpaka langoni, akavua kofia na kuipunga mbele ya jicho la kisanduku. Nanyama akalala. Akaacha kuipunga. Nanyama akaamka. Akarudia mara nyingine kwa kuwa alikuwa mtu wa kuhakikisha, kisha akarudi akiifuta kofia kwa kiwiko.

"Ni hivyo," akasema. "Usingizi wako kimeubeba. Kikiamka, kinautua kidogo, unaushika. Kikilala, kinaubeba tena."

"Nilikiombea."

"Si ungeombea miguu yangu. Na vile inauma."

Mtu akipotelewa na kitu, kwanza huenda kwa aliyempa. Nanyama akaenda kwa mchungaji wake, Jumapili baada ya ibada, wakakaa kwenye viti vya plastiki nyuma ya kanisa la mabati. Alimweleza yote. Mchungaji alisikiliza akiwa amefumba macho, kama anavyosikiliza kila mtu asiyetoa fungu la kumi kubwa.

"Ulitoa kwa hiari, mama?"

"Nilitoa kwa mdomo, mchungaji."

"Mdomo ndio mkono wa sadaka. Na sadaka ikishawekwa madhabahuni hairudishwi. Umewahi kuona mtu akirudi Jumatatu kuchukua kuku wake?"

"Mimi sikujua atapokea."

Mchungaji akafumbua macho. "Mama Nanyama, imani yako ni ndogo."

Hapo ndipo alipokumbuka kwamba mnyororo wa maombi wa kanisa, wa kupokezana usiku kucha, ulikuwa na pengo, zile saa mbaya za usiku wa manane ambazo washirika walikuwa wanaagana kuzishika kisha wanazilalia. Akampa Nanyama zote. Jumapili iliyofuata alimsimamisha mbele, akawaambia washirika wamtazame mwanamke ambaye Bwana amemwondolea usingizi ili awaombee wengine. Wanawake wakapiga vigelegele. Wajane wenzake wakamshika mkono wakimwambia amebarikiwa, na mmoja akamwomba siri yake. Mchungaji mwenyewe alinenepa mwezi ule. Alikuwa analala vizuri sana.

Nanyama akaomba ruhusa siku moja, akaenda mjini. Ofisi ya kina Quincy ilikuwa juu kabisa katika jengo moja la katikati ya jiji, mlango wa vioo, na ndani vijana wamevaa vidude masikioni ili wasiongeleshwe. Quincy alimpa kiti. Alimsikiliza mpaka mwisho, akageuka kwenye kompyuta yake na kumwonyesha mstari.

"Hii ni betri ya kwenu. Unaona vile imenyooka? Haishuki. Hizi zingine ni za nyumba zingine. Kifaa ni ileile, programu ni ileile, lakini zinashuka kama kawaida. Tumekaa hapa tukijiuliza ni nini." Akabonyeza kitu. "Kumbe ni wewe."

Akamwita mkubwa wake, mwanamke aitwaye Valarie, aliyekuja na chupa ya maji ya rangi ya majani. Quincy akamweleza kwa Kiingereza, kwa maneno machache. Valarie akaitikia kwa kichwa kama mtu anayeambiwa kwamba unga uliotumika ni wa kinu kingine. Akamtazama Nanyama kwa mara ya kwanza.

"Sasa mum, huko kwenu wengi hulala vizuri?"

"Huko wapi?"

"Kanisa. Plot mnakopanga. Wale watu wa kazi ngumu, jioni wanaanguka tu kama gunia. Wako wengi?"

"Wako," Nanyama akasema. "Mimi nimekuja mnirudishie wangu."

Quincy akajikuna kidevu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu ambaye ubaya ungempotezea muda.

"Kukurudishia, aunty, ni kufanya kifaa isilale. Na isipolala, betri inaisha. Betri ikiisha, madam anasimama nje ya gate yake mwenyewe akipiga honi kama mgeni. Unaona hiyo shida?"

"Na mimi?"

"Wewe huna betri."

Alisema hivyo kwa upole, kama anayempongeza. Nanyama akauliza, je, akitafuta kazi nyumba nyingine? Quincy akasema usingizi hautamfuata, utabaki nguzoni ulipo. Akauliza, je, kifaa kikivunjika? Valarie akasema hilo hawajalijaribu, lakini kitu kikifa kimelala, kwa kawaida kinakufa na kilicho ndani yake. Wakampa maji, maji ya kawaida, wakamwonyesha lifti.

Aliporudi, Kaloki alikuwa ameshachagua jiwe. Nanyama akamwambia alirudishe kwenye maua. "Mtu hawezi kuvunja jungu na chakula chake kimo ndani," akasema.

Kaloki akalirudisha. Kesho yake baada ya chakula cha mchana, madam akiwa ofisini, alichukua makasi makubwa, akatoka kwa kilango cha pembeni na kuanza kukata ua wa nje, pale hasa mbele ya jicho la kisanduku. Alikata polepole, jani moja moja, kama kinyozi anayenyoa bwana harusi. Kifaa kikakaa macho kumtazama. Nanyama, ambaye alikuwa ameambiwa ajilaze kwenye chumba cha kufulia, akalala juu ya gunia la nguo chafu. Alilala mpaka mate yakamtoka. Alimwota Were akichanganya saruji, na Were akamwambia asogee, anamkanyagia mchanga.

Ikawa ndiyo desturi. Kaloki akichoka, Sammy alikuja kutoka lango la jirani, akatembea mbele ya kifaa huku na huku na rungu lake, kama zamani, akikitukana taratibu. "Angalia vizuri," alikuwa anakiambia. "Hapa ndipo nilipokuwa. Angalia." Sammy akiitwa, mama wa mahindi ya kuchoma alisogeza mkokoteni wake, akaketi pale akipepea makaa. Wasichana wa kazi wa barabara ile, wakitumwa dukani, walipitia pale na kurukaruka kidogo kabla ya kuendelea. Hakuna aliyeulizwa kwa nini. Uso wa Nanyama ukarudi kuwa uso. Siku moja alisikika akiimba.

Betri ikaanza kushuka.

Quincy akaja Jumamosi, madam akiwa nyumbani. Waliketi barazani, kompyuta juu ya meza, na Nanyama akaleta juisi na kubaki amesimama na trei. Picha zilikuwa nyingi mno. Kulikuwa na mgongo wa Kaloki, kofia ya Kaloki, makalio ya Kaloki akiinama. Kulikuwa na Sammy akikemea. Kulikuwa na wasichana angani, kanga zimepeperuka.

Kaloki akaitwa.

"Unafanya nini kwa gate yangu kila siku?" madam akamuuliza.

"Nakata ua, madam."

"Ua gani? Umekata mpaka jirani anaona kitanda yangu."

"Ua unakua haraka, madam. Ni mvua."

"Mvua gani, Kaloki?"

Kaloki akatazama juu, kama anayeitafuta.

Nanyama akaweka trei chini. "Madam, ni mimi. Hiyo kitu ina usingizi wangu. Wakisimama pale ndio napata kulala."

"Quincy aliniambia," madam akasema. Alikunywa juisi. "Lakini Nanyama, nilikutuma uiombee?"

"Hukunituma."

"Haya. Basi." Na akamgeukia Quincy, kwa kuwa kwake jambo hilo lilikuwa limekwisha. "Unaweza kufanya nini?"

Quincy akasema ni rahisi. Kifaa kinaweza kufundishwa ni vitu gani havistahili kuamkiwa. Akazipitia picha mojamoja, pale pale mezani: Kaloki, Sammy, mama wa mahindi, wasichana wote wa barabara ile. Kila mmoja akampeleka kwenye kijaluba kilekile cha vitu vya kupuuzwa alimokuwa ameweka majani, paka na ndege. Madam alisaidia. Alipofika kwenye picha ya mwanamke mmoja aliyebeba kikapu, Quincy akauliza kama huyo ni mgeni. Madam akasogea karibu na kioo, akasema, "Hapana, huyo si mtu, ni wa kazi." Wakaendelea.

Tangu hapo Kaloki angeweza kucheza ngoma zote za Ukambani mbele ya nguzo ile, na kifaa kisipepese. Alijaribu. Sammy alijaribu kwa rungu, akawasha tochi yake, akapiga filimbi. Kilikuwa kimelala. Lori la taka nalo lilipuuzwa, na wageni hawakuwa wa kila siku, kikawa kinaamka kwa kitu kimoja tu: gari la madam.

Basi Nanyama akawa na usingizi wa kiasi cha lango kufunguka, gari kuingia na lango kujifunga, asubuhi madam akitoka na jioni akirudi. Asubuhi ulimkuta akiosha vyombo, na hakuna aliyemwona. Jioni ulimkuta jikoni, na madam aliyekuwa anateremka garini akaingilia mlango wa nyuma akamkuta, kila siku, shavu kwenye ubao wa kukatia, kisu mkononi, sukuma wiki kwenye nywele, anakoroma. Lango lile lilikuwa zito, halikuwa na haraka ya kujifunga. Madam alisimama akimtazama mpaka lijifunge. Nanyama alipoamka, alikuta uso wa madam.

"Habari ya jioni, madam."

"Unaamka au unalala?"

Madam alikuwa anajua. Aliambiwa na Quincy, akaambiwa na Nanyama, akaiona mistari na picha. Lakini kujua ni kitu cha kichwa, na macho yake yalikuwa yanaona kijakazi amelala kila anapofika, na kati ya kichwa na macho, madam Mbaluka aliamini macho. Alianza kuwaeleza rafiki zake kwa simu. "Haibi," alikuwa anasema. "Anaomba Mungu sana. Lakini ni kulala, woiye. Sijawahi kufika nikamkuta macho. Sijui huyu mchana anafanyanga nini."

Rafiki mmoja akamshauri aweke kifaa jikoni.

Quincy akakileta Jumamosi. Kilikuwa kidogo kuliko kile cha langoni, cha kuwekwa juu ya kabati, na kazi yake ilikuwa kumtazama Nanyama, na akisinzia, kumjulisha madam. Hiki nacho kikawa cha betri, kwa sababu madam alikuwa amepaka jikoni rangi mpya na hakutaka ukuta utobolewe. Na hiki nacho kikakataa kulala. Mvuke wa sufuria ulikiamsha. Pazia lilikiamsha. Nzi akitua kwenye sahani, macho. Quincy alikishusha, akakifungua, akakifunga, akakipandisha tena, na kabla hajamaliza chai yake kilikuwa kimekwisha kumpelekea madam picha ya birika.

Walikuwa jikoni wote watatu. Nje kulikuwa na jua, na chakula cha mchana kilikuwa kimeshaliwa.

"Nanyama," madam akasema. "Hebu kiombee."

Nanyama alikuwa anasugua sufuria. Aliendelea mpaka akaumaliza ule upande, akaisuuza, akaifudikiza. Akafuta mikono kwa aproni, kidole kimoja kimoja.

"Sina cha kukipa, madam."

"Kabisa?"

"Kile nilikuwa nacho kiko kwa nguzo."

Quincy akasema hilo ni kweli, kwa upande wa kitaalamu. Usingizi hauwezi kubebwa mara mbili.

Madam akakunja uso, si kwa hasira. Ni vile mtu hukunja uso akikuta chumvi imeisha na wageni wako njiani. Akasogea dirishani. Nje, kwenye kivuli cha ukuta, Kaloki alikuwa amejilaza ndani ya toroli lake, miguu inaning'inia, kofia usoni. Tumbo lilipanda, likashuka. Alikuwa amelala ule usingizi wa mtu aliyelima, mzito, usio na jambo. Nzi alitua kwenye mkono wake, akatembea mpaka kwenye kiwiko, akaondoka mwenyewe.

Madam alimtazama kwa muda mrefu kuliko alivyowahi kumtazama.

"Huyo," akauliza, "huwa anasali?"

Nanyama alikuwa amekula na Kaloki kila siku ya kazi tangu afike nyumba ile, na kila siku alikuwa amemwona akivua kofia mbele ya sahani na kushukuru kwa Kikamba, kwa urefu, mpaka mboga inapoa. Na Nanyama hakuwa mwanamke wa kusema uongo. Aliitundika aproni kwenye msumari wake.

"Hapana, madam," akasema. "Huyo ni mpagani kabisa."

"Basi atafundishwa," madam akasema, akamwambia Quincy aache kifaa hapohapo kwenye kabati.